Kabla ya Kuuliza Faida, Uliza Akiba Yako Inauawa na Nini

Koplo mmoja aliye karibu kuvua gwanda aliniandikia wiki iliyopita. "Jambo afande. Mwaka huu natoka jeshini. Kiinua mgongo nikiweke wapi kinipe faida kubwa? Wengine wananiambia sacco, wengine hati fungani, shemeji yangu anasema ninunue Noah niiweke barabarani." Swali hili naulizwa na wengi, tena wengine hunipigia saa nne za usiku, kwa hiyo nawajibu wote hapa kwa mpigo mmoja.

Koplo, umeanzia mwisho. Mimi nimeishi ndani ya kifaru cha T-55. Niliingia kama mpakiaji, nikatoka kamanda wa kifaru. Mwalimu wetu pale Kasijjagirwa, Masaka, hapa Uganda, hakuanza somo na kasi ya kifaru wala ukubwa wa mzinga. Alianza na namna kifaru kinavyokufa. Alitupa mambo matano kwa mpangilio, tukayaimba kwenye mchakamchaka: usionekane, ukionekana usilengwe, ukilengwa usipigwe, ukipigwa usitobolewe, ukitobolewa usife. Angalia chuma kiko wapi hapo. Kiko nafasi ya nne! Raia wanadhani kifaru kinaokolewa na unene wa bamba, na hao hao ndio wanaodhani akiba inaokolewa na ukubwa wa faida.

Tuanze na kuonekana. T-55 ina kimo cha mita 2.4 hivi, na mpakiaji mrefu humo ndani anateseka kweli kweli; goti langu la kushoto linalijua hilo mpaka leo. Ufupi ule ni wa makusudi. Ukikichimbia kifaru shimo, adui anaona mzinga na kipande cha kichwa cha kifaru basi. Kikibidi kuondoka, dereva anamwaga dizeli kwenye ekzosi yenye moto na nyuma yenu linatanda wingu jeupe la moshi.

Sasa niliporudi kutoka Mogadishu, Somalia, mtaa mzima ulijua kwamba posho ya Somalia inalipwa kwa dola. Mpaka muuza chapati alikuwa na makadirio yake. Kiasi kamili nilimwambia mke wangu peke yake. Kaka yangu mkubwa akaitisha kikao cha familia, soda zimenunuliwa, mama amekalishwa kwenye kiti kizuri, nikaelezwa kwamba nitatoa mtaji wa lori la bidhaa za kupeleka Juba. Nikauliza: likipotea lori, nani analipa? Kimya. Nikauliza: nikitaka kutoka katikati, natokaje? Kaka akasema mbele ya mama kwamba Somalia imenifanya mchoyo. Wengine wakacheka.

Desemba 2013 vita vikalipuka Juba na wafanyabiashara wengi wa Uganda wakaacha mali zao huko. Mzigo wa kaka ulikuwemo. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya, nasema kidogo kwa kujisifu. Lakini mpaka leo kaka anadai kwamba ningeingia naye, angekuwa na lori la pili la kumwinua, na arusi ya binti yake nilisikia kwa watu tu kwamba imepita. Hilo bado linaniuma, siwezi kukudanganya. Hata hivyo hesabu yangu ilikuwa sawa, na wewe ukikaa kwenye kikao cha namna hiyo uliza maswali yale yale mawili.

Sasa twende kwenye akaunti zenyewe, moja moja, kwa jicho la mtu anayetafuta pa kuzitoboa.

Pensheni ya serikali kwanza. Katiba ya 1995, ibara ya 254, inasema pensheni haitozwi kodi na ilipwe kwa wakati. Kwa watumishi wa umma kanuni yake ni hii: mshahara wa mwaka, mara miezi ya utumishi, gawanya kwa 500. Mwalimu wa mshahara wa 500,000 kwa mwezi aliyetumikia miaka 25, yaani miezi 300, anapata 3,600,000 kwa mwaka. Theluthi moja, 1,200,000, inazidishwa mara 15, ndicho kiinua mgongo chake: milioni 18 kwa mkupuo. Theluthi mbili zilizobaki zinamletea 200,000 kila mwezi. Watu wote macho yao yako kwenye zile milioni 18, na huko ndiko kifo kinakoingilia. Zile 200,000 za kila mwezi ndizo ngumu kuua, maana hakuna shemeji anayeweza kukuomba pensheni ya 2035 leo. Anayeweza ni mkopeshaji anayebaki na kadi yako ya benki. Nimewaona wazee wenzangu, watu waliowahi kuamuru vikosi, wamesimama kwenye mstari wa mashine ya fedha huku kijana wa mkopeshaji ameshika kadi na namba ya siri anaijua. Koplo, kadi haikopeshwi.

NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni habari nyingine, na hapa mwalimu wangu ni mke wangu, ambaye ni nesi kwenye hospitali binafsi. Yeye anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10. Mwenye mshahara wa 600,000 anaona 30,000 zimetoka, lakini kwenye akaunti zinaingia 90,000. Mkulima hapati mbolea ya namna hiyo. Halafu fedha inafungwa mpaka miaka 55, au 50 kama umekaa bila ajira mwaka mzima. Watu hulalamikia hiyo kufuli. Mimi naiona ndiyo deraya yenyewe, kwa sababu inamzuia adui aliye karibu kuliko wote, yaani mwenye akaunti.

Sheria iliporekebishwa mwanzoni mwa 2022, mwanachama mwenye miaka 45 na zaidi, aliyeweka kwa angalau miaka 10, aliruhusiwa kuchukua asilimia 20. Mke wangu alikuwa na vigezo vyote. Ndugu zake walizipigia hesabu kabla hata yeye hajapiga: bati za mji, ng'ombe wa maziwa, karo ya fulani. Akawaacha wamalize, akasema, "Nimeamua kuziacha pale pale." Kwa mwaka ulioishia Juni 2022 mfuko ulitoa asilimia 9.65, uliofuata 10, kisha 11.5, kisha 13.5 kwa mwaka wa 2024/25. Kiwango hutangazwa kila mwaka na kinaweza kushuka. Sheria inahakikisha asilimia 2.5 tu. Hata hivyo mama huyu leo anatembea kifua mbele, na anayo haki.

Wapi NSSF inatobolewa? Kwa mwajiri. Baada ya jeshi nilisimamia walinzi kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Kwenye karatasi ya mshahara asilimia 5 ilikuwa ikikatwa vizuri, chapa safi kabisa. Nikafungua taarifa ya akaunti kwenye simu: sifuri, sifuri, sifuri. Sheria inamtaka mwajiri apeleke mchango ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha, akichelewa anaongezewa faini ya asilimia 10. Nilikwenda ofisini na karatasi zangu zote mkononi, meneja akaniita mzee wa fujo mbele ya vijana niliokuwa nawaongoza. Malimbikizo yalilipwa. Lile jina halikufutika, na vijana wale wale waliocheka ndio waliopata hela zao kwa fujo yangu. Angalia taarifa yako kila mwezi. Narudia: kila mwezi. Na tangu mabadiliko yale, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia, kwa hiyo usidanganywe kwamba kampuni ni ndogo.

Sacco. Hapa nitakaa kidogo, maana sisi wanajeshi tunazipenda, na mimi ni mwanachama. Lakini sikiliza kwanza habari ya makombora.

T-55 inabeba makombora 43 ya mzinga, kila moja lina uzito wa karibu kilo 30. Mengine yako nyuma, mengine ukutani, na fungu kubwa liko mbele kando ya dereva, limechomekwa kwenye matundu ya tangi la dizeli. Unafanya kazi, unakula, unasinzia katikati yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walichunguza kwa nini vifaru vyao, Sherman, vinaungua sana. Wakaona kwamba kinachoteketeza kifaru mara nyingi ni makombora yake mwenyewe yakishika moto baada ya bamba kutobolewa. Wakayahamishia kwenye sakafu, ndani ya masanduku yaliyozungukwa na maji. Za mpango wa zamani zilizotobolewa ziliungua asilimia 60 mpaka 80. Za mpango mpya asilimia 10 mpaka 15. Sio kwamba waliongeza chuma. Walihamisha tu kile kilichokuwa kinaua. T-72 ya Warusi iliyaweka makombora duara chini ya miguu ya askari, ndiyo maana kwenye picha za vita vya Ukraine unaona kichwa kizima kimeruka na kuangukia mbali. Abrams ya Wamarekani ikayaweka nyuma ya kichwa, nyuma ya mlango wa chuma, juu yake kuna vifuniko vinavyofyatuka ili moto utoke nje, watu wabaki.

Kwenye sacco, kombora chini ya kiti ni udhamini. Akiba yako inasoma vizuri, gawio limetangazwa, kila mtu anapiga makofi, kumbe umewawekea saini wenzako wanne. Mmoja akihamishwa, akifa au akiamua tu kuzima simu, akiba yako ndiyo inayolipa. Usitie saini kwa mtu ambaye usingeweza kumlipia deni lake lote ukiwa umetabasamu. Tena Mfuko wa Kulinda Amana unalinda amana za benki mpaka shilingi milioni 10 kwa mteja. Sacco yako haimo humo. Weka kidogo, kwa ajili ya mikopo nafuu, basi.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ni mizuri kwa fedha ya dharura, unaitoa ndani ya siku chache. Kwa uzee ni rahisi mno kuitoa. Sina zaidi.

Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ndizo ninazozipenda, na wasomaji wa zamani mmeshachoka kunisikia. Unaanza na shilingi 100,000 kupitia benki yako, inakufungulia akaunti ya hati katika Benki Kuu, riba inaingia kila miezi sita. Riba ya hati ya muda mfupi inakatwa kodi ya asilimia 20, lakini ya miaka 10 na kuendelea inakatwa asilimia 10. Hapo ndipo ninapolikumbuka bamba la mbele la T-55. Lina milimita 100 tu, ila limelazwa nyuzi 60, na kombora linalokuja mbele likitaka kulipenya linakutana na milimita 200. Chuma ni kile kile. Fedha yako nayo ni ile ile, umeilaza tu kwa muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba ukibanwa ukaiuza kabla ya wakati, unaweza kupata pungufu ya uliyoweka, kwa hiyo usiweke humo fedha ya karo.

Kuna wanaoniambia, "Mzee, mimi naweka nyumbani, akiba haiozi." Ya baba yangu ilioza Mei 1987. Serikali ilibadilisha fedha, ikakata sifuri mbili, na juu yake ikakata asilimia 30 kama kodi ya kubadilishia. Mwaka 2011 bei zilipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka mmoja. Aliyekuwa na noti kwenye godoro alikatwa tena bila kuitwa ofisini. Vijana, acheni godoro. Nasema tena, acheni godoro!

Na usipigane peke yako. Mjini Mogadishu kifaru bila askari wa miguu pembeni ni mzoga unaosubiri siku, kwa sababu humo ndani huoni aliye dirishani na RPG. Wanaume wengi wa jeshi wana akaunti ambazo wake zao hawazijui hata jina. Ukifa, familia inaanza kuomba barua kwa mwenyekiti wa mtaa, na huku mabroka wameshafika matangani.

Kwa hiyo Koplo, mgawo wangu ni huu. Matumizi ya miezi sita kwenye mfuko wa pamoja. Fungu kubwa kuliko yote kwenye hati fungani ya miaka 10 au 15. Sacco kidogo, bila saini za udhamini. Ukipata kazi ya ulinzi, NSSF idai kuanzia mwezi wa kwanza. Usipoipata, siku hizi unaweza kuweka mwenyewe kwa hiari kuanzia 5,000. Noah muachie shemeji. Halafu kabla ya mwezi huu kwisha, chukua kitambulisho cha taifa cha mama watoto, uende ukahakikishe jina lake kwenye fomu ya warithi limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. La mke wangu lilipungua herufi moja, na kuirudisha kulichukua viapo, mihuri na nauli nyingi za kwenda Kampala.