Maswali kwa Mafundi: Bodi linang'aa, chesisi je?

SWALI: Shikamooni mafundi. Nyumbani tuna Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1978, tuliyoachiwa na marehemu baba. Imebeba pamba, wagonjwa na maharusi, na hatuna mpango wa kuiuza. Bodi bado zuri, ila tangu tulipokwenda nayo Mwanza mwezi uliopita, mlango wa nyuma haufungi sawasawa. Ndugu zangu wanataka tupige rangi kwanza. Mnashaurije?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba. Rangi isubiri, na mnafanya vyema kutoiuza.

Bodi la gari hili ni la alumini. Lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Kwa hiyo juu linadumu, huku chini chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ikioza bila kuonekana. Chesisi hiyo ni mabati yaliyochomelewa yakawa kasha refu. Tope huingia ndani, likiziba matundu ya kutolea maji unyevu hukaa humo, na kutu huanzia ndani kuja nje. Ukiona tundu, jua ndani kumeshaliwa pakubwa zaidi.

Mlango usiofunga ni dalili. Kagua kwanza bawaba na kitasa. Vikiwa vizima, tazama boriti ya nyuma, chuma kinachokingama mwishoni mwa chesisi, maana ndiyo inayobeba sehemu ile ya bodi. Pandisha gari na ulisimamishe juu ya stendi, usitegemee jeki peke yake. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kubonyea. Gonga boriti, kisha mahali springi za nyuma zinaposhikwa, halafu ile mikono inayotoka chesisi kwenda kubeba bodi. Springi zikiwa zimeshikwa na chuma kilichooza, gari lisiingie barabarani hata siku moja.

Kuchomelea kuna utaratibu. Chomoa nyaya za betri na za alteneta. Tangi la petroli, liwe chini ya kiti au nyuma, litolewe kabisa. Kumwaga mafuta hakutoshi, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Pima chesisi kona kwa kona kabla ya kukata, uandike vipimo. Kata mpaka ufikie chuma kizima. Fundi akitaka kubandika kiraka juu ya kutu, mtafute mwingine. Bati la milimita 2 hadi 3 linatosha. Nene mno hupasua chuma cha pembeni yake. Achomelee vipande vifupi, akihama huku na huku, la sivyo joto litaipinda chesisi na mlango utabaki vilevile.

Nje paka rangi ya kuzuia kutu. Ndani ya kasha pulizia oili safi nzito, si ile chafu ya injini, kwani ina asidi na itadondoka ardhini. Alumini inapokutana na chuma utaona unga mweupe: kwangua, paka rangi ya msingi, weka kipande cha mpira katikati ndipo ufunge bolti. Na msilioshee ziwani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na maji yale tunayanywa.

SWALI: Land Rover yetu ya aina hiyohiyo inazima ikishapata moto. Ikipoa nusu saa, inawaka. Shida ni kabureta?
Msomaji, Magu

JIBU: Anza na kondensa ya distributa, kifaa kinachogawia plagi umeme; ni rahisi kuliko kabureta. Ikichoka hufa ikipata joto, na pointi, swichi ndogo ya humo ndani, huungua zikawa na vishimo. Badilisha vyote pamoja. Pointi ziachane milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75. Gari likizima tena, chomoa waya wa plagi papo hapo kabla halijapoa, umwambie mtu apige stata. Cheche inayoruka kutoka kwenye waya huo kwenda kwenye chuma cha injini ikiwa ya buluu na yenye nguvu, ndipo mfungue kabureta.