Ukiwa mlimani kumbuka kuna mtu chini yako

Kuna siku tulikuwa tunashuka mlima mimi na wenzangu wawili, tumechoka, maji yamebaki kidogo, jua linaelekea kuzama, na ile njia ilikuwa ya kona kona, yani unaenda kushoto mwendo mreefu alafu unageuka unarudi kulia, na kwa chini unapaona kabisa pale utakapotokea. Nikasema mbona tunajizungusha bure, nikakata moja kwa moja kwenye mteremko. Hatua ya tatu tu mguu ukateleza, jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto likang'oka, likaanza kubingirika na mimi nimekodoa macho pale sisemi kitu. Kule chini mama mmoja na binti yake walikuwa wanapanda. Jiwe likapita mbele yao karibu kabisa, binti akaruka nyuma. Nikashuka natetemeka kuomba radhi, na yule mama wala hakunifokea, aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona hukupiga kelele?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kukata kona lilikuwa kosa, ila kukaa kimya jiwe likienda kwa watu ndio kosa linaloniuma. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, jiwe likikuponyoka hata kama ni dogo piga kelele hapo hapo, "Jiwe! Jiwe!", kwa sauti yote uliyonayo, usione aibu na usianze kwanza kuchungulia kama kuna mtu, maana chini ya mlima huwezi kuwaona wote. Na mkifika sehemu yenye mawe yaliyolegea msipishane mmoja juu mwingine chini yake, aidha mpite karibu karibu au apite mmoja mmoja wengine wakisubiri pembeni.

Kuhusu zile kona, watu wengi wanadhani waliochora njia walikuwa hawana haraka. Hapana. Kona zinapunguza mwinuko na zinapunguza kasi ya maji ya mvua. Sasa wewe ukikata katikati unakanyaga majani na mizizi inayoshika udongo, mwenzako anaona alama za viatu vyako na yeye anafuata, ikija mvua maji yanakuta mfereji umeshaandaliwa yanashuka nao moja kwa moja, na baada ya misimu michache pale pana korongo na njia yenyewe imeliwa. Tope nalo ni hivyo hivyo, kila mtu akilikwepa kwa pembeni njia inapanuka inakanyaga mimea pande zote, kwa hiyo pita katikati ya tope, viatu vitafuliwa.

Kwenye kupishana, anayepanda ndio anapewa njia. Yeye anahema, ana mwendo wake aliouzoea, na macho yake yako chini kwenye hatua zake, ukimsimamisha unamwongezea mzigo. Akisimama mwenyewe kupumzika akakupungia mkono upite, basi pita na umshukuru. Ukitaka kumpita mtu kwa nyuma mwite mapema, "samahani, napita kushoto kwako", usimtokee mgongoni ghafla kwenye njia nyembamba. Wenye baiskeli wanawapisha wanaotembea, na wote tunawapisha farasi na wanyama wa mizigo, unasogea upande wa bonde mahali penye kukanyagika vizuri, unaongea taratibu ili mnyama ajue wewe ni binadamu. Mbwa wako mshike na kamba, hata kama ni mpole, mwenye kuogopa mbwa hajui kama wako ni mpole.

Muziki wa spika, jamani. Vaa vya masikioni, tena sikio moja tu ili ukiitwa usikie.

Kitu kingine ambacho naona hakisemwi vya kutosha ni mtu wa mwisho kwenye kundi. Wenye mbio wanatangulia, wanakaa kwenye kivuli wanakunywa maji dakika 10, yule wa mwisho anafika jasho linamtoka, na wao hapo hapo wanainuka "haya twende". Kwa maana hiyo yule aliyechoka kuliko wote ndio pekee ambaye hajapumzika! Nimewaona watu wameapa hawatarudi tena mlimani kwa sababu ya hilo tu. Mwacheni akae, anywe, aheme, alafu mmuulize yeye kama yuko tayari, na ikiwezekana yeye ndio aongoze mwendo.

Tuongee na la haja kubwa, maana wengi wanaona haya kuuliza. Nenda mbali na maji, njia na kambi, kama mita 60 hivi, chimba shimo la sentimita 15 mpaka 20, ukimaliza fukia vizuri. Tishu weka kwenye mfuko, funga, rudi nayo. Mahali penye mwamba au theluji ambapo huwezi kuchimba unarudi na kila kitu, ndio, kila kitu, kuna mifuko maalumu ya kazi hiyo. Nimeshakuta tishu zimezagaa pembeni ya kijito ambacho watu wa mbele wanachota maji ya kunywa.

Na maganda ya matunda ni takataka. "Yataoza" ni kweli, lakini juu kwenye baridi au penye ukavu yanakaa muda mrefu sana, na wanyama wakizoea chakula cha watu wanaanza kuwafuata watu, na mara nyingi anayeishia kuumia ni mnyama. Kama unataka kujua uko mbali naye vya kutosha, nyoosha mkono, inua dole gumba, fumba jicho moja, kama dole halijamfunika mnyama wote basi rudi nyuma.

Kabla ya kutoka mwambie mtu mnapita wapi na mnarudi saa ngapi, na mwe na tochi na filimbi. Ishara ya kuomba msaada mlimani ni mipulizo 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika, unarudia, na anayejibu anapuliza 3. Filimbi sio ya mchezo kule.

Ile njia nilishairudia. Pale nilipokatia kuna mtu amelaza matawi makavu na kupanga mawe, na katikati yake majani yameanza kuota. Ukikutana na matawi yamelala hivyo kwenye kona usidhani yameanguka yenyewe ukayaruka, kuna mtu alijitwisha akayaleta pale ili udongo upumzike, wewe fuata kona.