Kuzungusha sampuli bila kuzidisha

Ndugu yangu wa Raskazone, umeuliza utasogezaje masafa ya mawimbi ya redio za mashua kwenye chipu isiyo na kizidishi (sakiti ya kuzidisha namba), maana kukokotoa sini na kosini kwa kila sampuli kunaielemea. Kusogeza masafa ni kuzungusha kila sampuli, yaani jozi ya namba x na y, kwa pembe fulani. Tumia CORDIC, njia ya kuzungusha kwa kujumlisha, kutoa na kusogeza biti tu. Mhandisi Jack Volder aliichapisha mwaka 1959, ikitokana na kazi ya kompyuta ya kuongozea ndege ya kivita B-58 ya Marekani.

Huzungushi pembe yote kwa mkupuo. Unaikata vipande ambavyo tanjenti zake ni 1, 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea, yaani nyuzi 45, 26.57, 14.04, 7.13... Katika hatua ya i (anza na 0), x mpya ni x kutoa y iliyosogezwa kulia biti i (yaani iliyogawanywa kwa 2 mara i), y mpya ni y kujumlisha x ya zamani (ya zamani, tafadhali!) iliyosogezwa vivyo hivyo. Pembe iliyobaki ikiwa hasi (yaani vipande vilivyotumika vimeipita pembe unayotaka), geuza alama zote mbili: kutoa kuwe kujumlisha, na kujumlisha kuwe kutoa. Kila hatua inaongeza usahihi wa takriban biti moja.

Vekta (ile jozi ya x na y) itarefuka karibu mara 1.647, kwa hiyo acha nafasi, la sivyo namba zitafurika. Pembe ikizidi nyuzi 90, zungusha 90 kwanza.

Ila kama unaweza kuchagua kasi ya sampuli, ifanye mara nne ya masafa unayosogeza. Hapo kila sampuli inazunguka nyuzi 90 zaidi ya iliyotangulia: unabadilishana x na y na kugeuza alama, basi. Mimi ningeanzia hapo.