Uanzie wapi ukimwandikia Agustín Argüelles

Ndugu, umeuliza uanzie wapi insha yako juu ya Agustín Argüelles, mwanasiasa wa kiliberali wa Uhispania, maana maisha yake ni marefu na mwalimu amekupa kurasa mbili tu. Utoto wake kule Asturias, alikozaliwa 1776, upe sentensi moja, kisha nenda moja kwa moja Cádiz, mji wa kusini mwa Uhispania ambako bunge lilikutana wakati wa vita.

Majeshi ya Napoleon yakiwa yameikalia sehemu kubwa ya Uhispania, Argüelles alisimama katika bunge hilo kudai watuhumiwa wasiteswe ili wakiri, na biashara ya watumwa ipigwe marufuku. La mateso lilipita 1811. La watumwa lilikwama, wawakilishi wa Cuba wakilipinga. Tafadhali usiliruke, hapo ndipo panapoonekana mipaka ya uliberali wa wakati ule.

Mfalme Fernando VII aliporudi 1814 aliifuta Katiba ya 1812, iliyotungwa na bunge hilo la Cádiz, na Argüelles akafungwa Ceuta, mji wa Kihispania ulioko pwani ya kaskazini ya Afrika. Mapinduzi ya 1820 yalimtoa kifungoni, akawa waziri wa mambo ya ndani. Lakini 1823 jeshi la Ufaransa lilimrejeshea mfalme mamlaka yote, naye Argüelles akakimbilia Uingereza.

Hapa ndipo utulie na uandike kwa kirefu. Mtu aliyekuwa waziri aliishi London takriban miaka kumi, akitunza maktaba ya Lord Holland, mwanasiasa wa Kiingereza, ili apate riziki! Alirudi 1834, mfalme akiwa ameshakufa, na 1841 bunge likamteua mlezi wa Isabel II, malkia mdogo, binti wa Fernando yule yule aliyemfunga. Vyeo vyake vingine unaweza kuviacha.