Kwa mnaoanza kufuatilia vikosi maalum vya usalama

Kila mgeni anayejiunga nasi hapa Kisumu, awe mwanafunzi wa sheria au kijana wa Manyatta aliyechoka kusikia wenzake wamechukuliwa usiku, huanza na swali lile lile: ni kikosi gani kilifanya hivi? Naomba uliweke kando kwanza. Jina la kikosi ndilo jambo jepesi zaidi kubadilisha serikalini. Mwaka 2009 Philip Alston, aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza mauaji ya kiholela, aliripoti kwamba ndani ya polisi kulikuwa na vikosi vya kuwaua washukiwa wa kundi haramu la Mungiki, na Kwekwe ndilo jina lililokuwa midomoni mwa watu. Oktoba 2022 Rais Ruto akatangaza kuvunjwa kwa SSU, kitengo maalum cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), baada ya raia wawili wa India na dereva wao wa teksi kutoweka Nairobi mwezi Julai. Watu wakashangilia. Maafisa wakaagizwa waripoti makao makuu, baadhi wakafikishwa mahakamani, na kelele zikapoa.

Tangazo la kuvunja kikosi halikuambii nani alitoa amri, kamanda alikuwa nani, gari lilitoka wapi, wala posho za usiku zililipwa kutoka fungu gani la bajeti. Hayo manne, yaani amri, kamanda, vifaa na pesa, ndiyo kazi yako. Kikosi kikipewa jina jipya kesho, hayo manne yatabaki kwenye karatasi za mtu fulani.

Bunge nalo lina nguvu juu ya karatasi kuliko juu ya bunduki. Kifungu cha 125 cha Katiba kinazipa kamati za Bunge mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi na kumlazimisha atoe hati. Nguvu hiyo haina maana mbunge akiingia kikaoni na hasira pekee. Nimefuatilia vikao vingi ambapo mheshimiwa anauliza, "Mbona polisi wanaua vijana wetu?" na kujibiwa kwamba uchunguzi unaendelea. Hapo kikao kimeisha, hata kama kitaendelea saa mbili zaidi. Mpe mbunge swali la namna hii: nani alikuwa kamanda wa operesheni ya Kondele usiku wa tarehe fulani, maafisa walitoka vituo gani, na rejista ya silaha inaonyesha risasi ngapi zilitoka na ngapi zilirudi? Hilo haliponi kwa "uchunguzi unaendelea", kwa sababu rejista ipo au haipo.

Usipoteze miezi bunge la kaunti. MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, atakusikiliza, pengine atazungumza kwa uchungu kuliko mbunge, lakini polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Sheria ya polisi ya 2011 ilitaja Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambapo gavana au mtu aliyemteua angekaa meza moja na makamanda. Katika kaunti nyingi imebaki kwenye sheria tu kwa miaka mingi. Mtumie MCA kufungua milango mtaani. Kwa jambo lenyewe, lenga Kamati ya Bunge la Kitaifa inayosimamia usalama wa ndani, ile ya ulinzi kama wanajeshi wamehusika, na kamati ya Seneti ya usalama wa kitaifa.

Mpaka huo kati ya polisi na wanajeshi huwachanganya wengi. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ilianzishwa kwa sheria ya 2011, na sababu yake sisi wa huku tunaijua: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, iliorodhesha vifo 1,133, na 405 kati yake vilikuwa vya risasi. Polisi wanatakiwa waiarifu IPOA kila mtu anapokufa au kuumia vibaya mikononi mwao. Lakini IPOA inachunguza polisi, si wanajeshi. Operesheni ikiwa ya pamoja, andika sare ulizoelezwa, aina ya magari na lugha ya amri, maana usipojua aliyempiga mtu alikuwa nani, kila ofisi itakurusha kwa nyingine.

Wazee wa Mlima Elgon wanaikumbuka operesheni ya Okoa Maisha ya Machi 2008, jeshi lilipoingia kuwasaka wapiganaji wa SLDF na wanaume wakapelekwa kambi ya Kapkota, na malalamiko ya mateso na watu kupotea yakafuata. Katiba ya sasa ilikuwa haijazaliwa. Leo Kifungu cha 241 kinataka idhini ya Bunge la Kitaifa kabla ya jeshi kupelekwa kurejesha amani ndani ya nchi. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi alitia tangazo kwenye Gazeti Rasmi tarehe 25 na Bunge likaidhinisha tarehe 26. Siku moja tu! Siku iliyofuata Mahakama Kuu iliacha jeshi liendelee, ila ikaitaka serikali itangaze mipaka ya kazi hiyo, eneo na muda wake. Kwa hiyo azimio kama hilo likipita, lisome lote. Tafuta jina la eneo na tarehe ya mwisho. Visipokuwamo, hapo ndipo barua yako ya kwanza inapoanzia.

Sasa ombi la umma, ambalo Kifungu cha 119 kinampa kila mtu. Unaweza kuliandika kwa Kiswahili, na nawasihi mfanye hivyo pale wenye kilio ni akina mama wa Nyalenda watakaotaka kujua walichotia sahihi. Kanuni za Bunge zinataka useme umeshafika ofisi gani na ulijibiwa nini, useme kama jambo liko mahakamani, na umalizie kwa kueleza unachotaka Bunge lifanye. Maombi mengi hufia hapo pa mahakama. Wakili anakimbilia kortini Jumatatu, ombi linapelekwa Jumatano, spika anasema jambo liko mbele ya hakimu. Kaeni pamoja mapema mgawane: korti ishughulike na aliyefyatua risasi, Bunge liulizwe kuhusu mfumo, bajeti na amri.

Ombi likishasomwa ni mali ya umma. Majina na nambari za vitambulisho vya waliotia sahihi yamo ndani. Kwa hiyo aliyeona gari likimchukua kijana asitie sahihi kabisa. Watie sahihi jamaa, wazee wa mtaa, viongozi wa kanisa au msikiti. Shahidi mwenyewe taarifa yake iandikwe kando, ihifadhiwe mbali na ofisi, na kamati iombwe kwa barua imsikilize faraghani. Mama akikuambia, "Mwanangu, mimi niko tayari kusema hadharani," mshukuru, kisha mwulize nani anaishi naye nyumbani na nani atampeleka mtoto shule baada ya jina lake kutoka gazetini. Mara nyingi hapo ndipo unagundua kwamba familia haijazungumza. Usiharakishe mazungumzo hayo kwa sababu eti kikao ni wiki ijayo.

Nyaraka za kawaida hamhitaji kufundishwa sana: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), fomu ya P3 ya majeraha, na ripoti ya upasuaji wa maiti ikiwezekana daktari wa familia akiwepo. Mkiambiwa hospitali ya Russia, ile ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, kwamba subirini, subirini hapo hapo. Taarifa za serikali ziombeni kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21, au saa 48 maisha au uhuru wa mtu ukiwa hatarini. Hata wakikataa, barua ya kukataa nayo ni ushahidi mbele ya kamati.

Bajeti ndiyo wengi huipuuza. Makadirio hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na kamati huketi na wizara kabla ya Juni kwisha. Waziri asiyejibu barua yako Februari atajibu maswali kuhusu fungu lake mwezi Mei. Pelekeni hoja zenu kwa maandishi wakati huo.

Ripoti ya kamati ikifika ukumbini, angalia kama Bunge limeipitisha au limeipokea tu, maana iliyopokelewa tu haimlazimu mtu. Ikipitishwa, waziri ana siku 60 kurudi kueleza alichofanya. Iweke tarehe hiyo kwenye simu yako siku ile ile. Siku ya 61 mwandikie karani wa Bunge, nakala kwa mbunge wako na kwa Kamati ya Utekelezaji, ukitaja kila pendekezo kwa nambari yake.