Kwa Anayeanza Kuandika Maisha ya Watu wa Kale: Niliyojifunza kwa Tippu Tip

Wenzangu mnaoanza kazi hii mara nyingi huja na swali moja: mtu huyu hasa alikuwa nani? Nami nilianza na swali hilo hilo, likanichukulia miaka bila kunipa jibu la kuridhisha. Lililonifaa baadaye ni swali dogo zaidi, ambalo unaweza kuliuliza mbele ya kila ukurasa: habari hii ilisemwa na nani, akimwambia nani, lini, na kwa lugha na hati gani? Wale tunaowaita watu wa mafumbo, mara nyingi fumbo lao limo katika njia ambayo habari zao zilipitia hadi kutufikia, na njia hiyo huchunguzika. Nitaeleza kwa mfano wa mtu niliyekaa naye muda mrefu kuliko wengine wote, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip.

Mambo makubwa ya maisha yake hayana ubishi. Alizaliwa Unguja, akafanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa hadi Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, na mto Kongo, mwaka 1887 akafanywa liwali wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha akarudi Unguja na kufia Mji Mkongwe mwezi Juni 1905. Ubishi unaanzia pale unapotaka kutaja mwaka wa kuzaliwa. Vitabu hutoa miaka mbalimbali, kuanzia 1832 hadi karibu 1840. Katika makala yangu ya kwanza niliuchukua mmoja na kuuandika kana kwamba nimeuona kwenye cheti, na mhariri hakuuliza. Nisingeshauri mtu afanye hivyo. Yeye mwenyewe anaanza kusimulia maisha yake kwa kusema kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alianza safari za karibu za biashara ya sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, basi. Hatoi mwaka. Tena kumbuka kwamba mtu wa zama zake alihesabu miaka ya mwandamo wa mwezi, ambayo ni mifupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko miaka ya Kizungu, kiasi kwamba miaka 33 ya Hijria ni sawa na takriban miaka 32 ya jua. Unapojumlisha umri wa mtu kwa kalenda mbili bila kujua umehamia ipi, kosa linakua ukurasa hadi ukurasa.

Dawa yake ni kutafuta nguzo, yaani tukio ambalo lilishuhudiwa na mtu mwingine aliyeandika tarehe siku ile ile. Kwa Tippu Tip nguzo ya kwanza imara ni Julai 1867, alipokutana na David Livingstone, mmisheni na msafiri Mskoti, katika nchi ya Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, muda mfupi baada ya kupigana na mtawala Nsama. Livingstone aliandika katika daftari lake kwamba Mwarabu yule alimletea mbuzi, kitambaa cheupe, shanga na mfuko wa mtama. Nakumbuka nilivyosimama kwenye mstari huo. Hadi siku ile nilikuwa nimemsoma Tippu Tip kama jina kubwa la vita na misafara. Hapo nikamwona kijana mwenye jeraha la mshale anayepeleka zawadi za adabu kwa mgeni mnyonge. Naye katika masimulizi yake mwenyewe anataja kwamba alimkuta Livingstone na kumsaidia. Mashahidi wawili ambao hawakupatana kabla wamesema jambo moja. Jenga maisha ya mtu juu ya nguzo za namna hiyo, na yaliyobaki uyaning'inize juu yake kwa tahadhari.

Sasa tuje kwenye masimulizi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Tuna bahati isiyo ya kawaida: mtu huyu aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Aliyaandika uzeeni, kwa hati za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na Brode ndiye aliyeyageuza kwa hati za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Wengi wanaodai kwamba wamemsoma Tippu Tip wamesoma tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley iliyotoka miaka ya 1950. Ni kazi nzuri, lakini wewe unayezungumza Kiswahili huna udhuru wa kuanzia huko. Anzia kwenye Kiswahili chake. Utamsikia mzee akihesabu frasila, kipimo cha uzito cha zamani, akiwataja watu kwa majina ya baba zao, akipita haraka kwenye msiba na kukaa sana kwenye deni.

Hata hivyo, usisahau kwamba Kiswahili hicho kimepita mkononi mwa Brode. Hati za Kiarabu, kama wazee wetu wengi walivyozitumia, hazikutofautisha p na b, wala i na e, wala u na o, na mara nyingi sauti ya m au n iliyotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa. Neno pembe na neno bibi yangeweza kuja kwa herufi zile zile, na msomaji akaamua kwa maana ya sentensi. Kwa maneno ya kawaida maana hukuokoa. Kwa jina la kijiji cha Manyema, au la jumbe ambaye hatajwi popote pengine, hakuna cha kukuokoa. Unasoma alivyosikia au alivyokisia Brode. Kwa hiyo kila jina la mahali uliandike kama lilivyo kwenye chapa, kisha ulitafute kwa wenyeji ukiwa na p na b akilini, na i na e pia. Nimewahi kutafuta kijiji kimoja kwa miezi kumbe nilikuwa nimeshikilia irabu isiyo yake.

Jina lake mwenyewe ni somo. Anasema alipewa na watu wa bara kwa mlio wa bunduki zake. Wengine walieleza kwamba lilitokana na kupepesa macho, na Henry Morton Stanley, msafiri na mwandishi wa habari wa Kizungu aliyemwona mwaka 1876, aliandika kwamba macho yake yalikuwa yakipepesapepesa. Mwandishi anayeanza hupenda kuchagua moja na kulitupa la pili. Mimi naona yote mawili yanafaa kubaki, kwa sababu yanajibu maswali tofauti: moja linaonyesha alivyopenda akumbukwe, la pili linaonyesha alivyotazamwa. Wala hayo siyo majina yake pekee. Anasimulia kwamba aliitwa pia Mkangwanzara, yaani mtu anayeogopa njaa tu. Ukiyaweka majina hayo pamoja na mahali yalipotolewa, unapata ramani ya hofu aliyoiacha nyuma yake, jambo ambalo hakukusudia kutuchorea.

Mwaka huo wa 1876 una fundisho lingine. Stanley alitaka kusindikizwa na Tippu Tip kuufuata mto kwenda kaskazini, na wakaandikiana mkataba. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878 Stanley anasema malipo waliyokubaliana yalikuwa dola 5,000. Tippu Tip, akiandika takriban robo karne baadaye, anasema 7,000. Nani mwongo? Nilipokuwa mpya nililishughulikia jambo hili kama hakimu, nikatafuta ushahidi wa kumtia mmoja hatiani. Leo ningekwambia uzitaje tarakimu zote mbili, useme kila moja iliandikwa lini na kwa nani, kisha utazame wawili hawa walivyoachana. Tippu Tip alirudi kabla ya safari kumalizika, na kila mmoja alibaki akiamini kwamba mwenzake hakutimiza ahadi. Mtu aliyedhulumiwa, au anayejiona amedhulumiwa, huikumbuka hesabu kwa namna yake kwa miaka mingi. Tofauti hiyo ya 2,000 inatueleza juu ya uhusiano wao kuliko ambavyo tarakimu moja sahihi ingetueleza.

Kuna mahali pamoja ambapo Tippu Tip mwenyewe anatuonyesha jinsi historia inavyotengenezwa, na naomba kila anayeanza apasome mara mbili. Alipofika Utetera, nchi iliyo ndani ya Kongo ya leo, kwa mzee Kasongo Rushie, alijitambulisha kuwa ni jamaa wa damu wa ukoo wa mtawala huyo, kwa njia ya bibi aliyetekwa zamani akapelekwa mbali. Mzee akampokea kama mjukuu na kumwachia utawala. Hadithi hiyo ya nasaba ndiyo iliyomfanya mfanyabiashara kuwa mtawala. Ukikutana na nasaba yoyote katika kazi yako, ya sultani au ya shehe au ya mtemi, jiulize ilisomwa mbele ya nani, na siku iliposomwa msomaji alikuwa anataka nini. Huhitaji kumvunjia mtu heshima ili uulize hivyo.

Njia hii haimfai Tippu Tip peke yake. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, aliyekimbia Unguja Agosti 1866 kwa meli ya kivita ya Kiingereza, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa mjane mwenye watoto anayeishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza kwa upendo mwingi jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, lakini juu ya kukimbia kwake anapita upesi sana. Yale aliyoyapita yamo katika barua za ubalozi wa Uingereza, za watu ambao nao walikuwa na yao ya kuficha. Soma vyote viwili mezani pamoja.

Kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu maji ya dawa ya vita dhidi ya Wajerumani, hali ni ngumu zaidi, kwani hakuacha mstari hata mmoja, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Tunachokijua juu yake kwa undani, kwamba pepo Hongo alimvuta majini na kesho yake akatoka akiwa na nguo kavu, kilikusanywa kwa wazee na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, miaka 63 baadaye. Ukienda kwa wazee, andika maneno yao kama walivyoyatamka, na swali lako pia uliandike, kwa sababu jibu bila swali lililolizaa huwa nusu tu ya ushahidi.

Nimeliacha kwa mwisho jambo linalonigusa kuliko yote. Katika masimulizi ya Tippu Tip pembe zina uzito, idadi na bei. Watu waliotekwa hawana majina. Wanapita pembezoni mwa sentensi kama mizigo ya msafara, na msomaji asiyekuwa macho atamaliza kitabu chote akiwa amevutiwa na ujasiri wa mwandishi na asiwakumbuke. Nami nilivutiwa hivyo. Makala zangu za mwanzo zina safari nyingi na vilio vichache. Kilichonigeuza ni masimulizi ya vijana wa shule ya wamisheni ya Kiungani, Unguja, yaliyotafsiriwa na A. C. Madan na kuchapishwa London mwaka 1887, mwaka ule ule Tippu Tip alipopewa uliwali. Wavulana hao walikuwa wametekwa utotoni katika nchi mbalimbali za bara, na wanaeleza nyumbani kwao palivyokuwa, siku waliyochukuliwa, mikono waliyouzwa kupitia na njia hadi pwani. Nao pia waliandika mbele ya wamisheni, kwa hiyo maswali yale yale yanawahusu. Lakini tangu nilipowasoma sijawahi tena kuandika ukurasa juu ya Tippu Tip bila kitabu chao kuwa wazi kando ya chake.