Old Fashioned ya nyumbani: usilaumu wiski, angalia barafu na ganda la chungwa

Mkuu wa Nachingwea, umeuliza kwa nini Old Fashioned, ile kokteli ya wiski, unayojitengenezea nyumbani inatoka kali, na sukari imelala chini ya glasi kama mchanga, wakati ile uliyokunywa hotelini Dar ilikuwa laini. Waliotangulia kukujibu wamekushauri ununue wiski ya bei zaidi. Usiharakishe kutoa hela, wiski yako haina kosa.

Nimekaa kaunta ya hoteli moja Shangani, Mtwara mjini, miaka ile bomba la gesi la kwenda Dar likijengwa, kabla ya 2015. Mafundi wa kigeni walijaa kila jioni. Siku moja mzee wa Kimarekani akaagiza Old Fashioned. Mimi nimezoea kumimina toti na kufungua soda. Nikamtilia wiski, sukari vijiko viwili, juisi ya chungwa, na barafu ya kuponda mpaka ukingoni. Akaonja, akaisogeza glasi pembeni kwa kidole kimoja, akaomba aje nyuma ya kaunta. Alichonionyesha ndicho ninachokupa, pamoja na makosa niliyoyaongeza mwenyewe baadaye.

Hii kokteli ni ya kale. Gazeti moja la jimbo la New York lilieleza mwaka 1806 kwamba kokteli ni pombe kali, sukari, maji na bitazi (matone machungu ya mitishamba iliyolowekwa kwenye pombe), basi. Baadaye wauza baa wakaanza madoido ya likeri, zile pombe tamu, na kadhalika, na wanywaji waliochoshwa nayo wakawa wanaagiza ya mtindo wa zamani, kwa Kiingereza old fashioned. Jina limetoka huko. Sasa tazama tena hiyo orodha: maji yamo. Watu wa kwetu tunaona kutia maji ni kuharibu wiski, kumbe bila maji unakunywa wiski yenye sukari tu.

Tuanze na sukari. Sukari yetu ina punje kubwa na inayeyuka kwa shida sana kwenye pombe, utakoroga mpaka uchoke. Chemsha shira. Si nzito kama ya kaimati: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, punje zikipotea epua. Iliki usitie. Weka kwenye chupa safi, tia friji.

Wiski ya asili ya kinywaji hiki ni bourbon au ya rai, nafaka ya jamii ya ngano. Bourbon kwa sheria ya Marekani lazima mahindi yawe angalau asilimia 51, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, ndiyo maana ina utamu fulani. Ukiikosa, Jack Daniel's inafaa sana. Ya Uskoti inakubali pia, ila yenye moshi mwingi itakusumbua. Angalia stempu ya kodi kwenye chupa. Na yule aliyependekeza gongo la mabibo tumsamehe, kwanza ni haramu kisheria, pili hakuna anayejua limetoka na nini ndani.

Bitazi ndiyo shughuli. Dukani hapa Mtwara sijaiona, yangu huletwa na jamaa akitoka Dar. Tafuta Angostura, ya Trinidad. Utaona karatasi ya chupa imezidi chupa yenyewe, imepanda mpaka shingoni kama mtoto aliyevaa shati la baba yake. Si feki, ndivyo ilivyo. Chupa ndogo inakaa hata mwaka kwa sababu unatikisia matone tu. Nilipoishiwa niliwahi kujitia mjuaji, nikaloweka jani la mwarobaini kwenye wiski. Sitasema mengi. Nilikumbuka malaria ya utotoni.

Barafu hapa kwetu ndiyo inayoua kinywaji. Joto la Mtwara unalijua, vipande vidogo vinayeyuka kabla hujakaa kitini. Gandisha bonge kubwa kwenye kopo la Blue Band, maji yawe yamechemshwa na kupoa, na ulifunike. Hapo kwenye kufunika sikutanii. Mama watoto anauza pweza wa kukaanga, na friza ni lake. Bonge langu la kwanza lililala wazi usiku kucha jirani na pweza. Nikaalika rafiki, nikamwandalia kwa mbwembwe. Akanusa, akaniuliza, "Kaka, hii ni wiski au supu?" Barafu ya feri, ile ya kuhifadhia samaki, usiiguse kabisa.

Halafu ganda la chungwa. Nilidhani ni pambo mpaka siku moja umeme ulipokatika. Nikabinya ganda karibu na mshumaa, likarusha cheche. Yale ni mafuta, na harufu yote ya kinywaji iko mle. Juisi haina kazi hapa. Tena wauza machungwa wetu wa stendi ni mafundi: kisu kidogo, anazungusha, utepe mwembamba wa kijani unashuka, nyeupe inabaki kwenye tunda. Ule utepe wanaoutupa ndio unaoutaka. Osha chungwa lako kwanza, mpe alimenye, chukua na ganda.

Kupima, mimi natumia kile kikombe cha dawa ya kikohozi ya watoto chenye mistari. Wiski mililita 60, shira kama 7, bitazi tikisa mara mbili. Tia bonge la barafu, koroga taratibu nusu dakika. Onja, ikikuchoma bado, endelea kukoroga. Yale maji yanayotoka ndiyo unayoyangoja. Binya ganda juu ya glasi, upande wa kijani uangalie kinywaji, pitisha ukingoni, litumbukize. Pembeni weka korosho za chumvi, hizo huko Nachingwea hutakosa.

Ukikosa bitazi kabisa, achana nayo, fanya Whiskey Sour: wiski 45, maji ya limao 25, shira 20, tikisa na barafu kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko unaobana, chuja. Kwa ndimu punguza kidogo, ni kali kuliko limao. Wenyewe wengine hutia na ute wa yai ili ipande povu. Mimi nilifungua friji kuchukua yai, mama watoto akaniuliza la nini. Nikalirudisha.